Intaneti ya setilaiti: Longido ndiyo, Sakina bado

Mjadala wa intaneti ya setilaiti hapa Arusha na Moshi una kambi mbili. Wa kwanza wanasema habari ya kuchimbia mkongo, yaani nyaya za intaneti za ardhini, imepitwa na wakati, kila nyumba ifunge kisahani chake na mambo yaishe. Wa pili wanasema hicho ni kitu cha hoteli na watalii, mwananchi wa kawaida hakimhusu. Wote wanabishania bei na kasi. Kisahani chenyewe hakuna anayekitazama, na mimi naamini majibu mengi yamo humo ndani, hasa kwetu tunaoishi karibu kabisa na ikweta.

Tuanze na madishi tuliyoyazoea. Pita Sakina, mtaa wa hapa Arusha, utazame mapaa. Dishi la DStv limelala, linatazama karibu utosini, kwa sababu setilaiti yake iko longitudo ya nyuzi 36 Mashariki na Arusha iko kama nyuzi 36.7. La Azam limeinamia magharibi, maana setilaiti yake iko nyuzi 7 Mashariki. Setilaiti za aina hiyo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta na zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana fundi akishakaza nati haliguswi tena mpaka upepo ulisogeze. Kwa televisheni ni mpango mzuri mno. Kwa intaneti una tatizo: ombi linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na nusu sekunde imekwisha. Mkizungumza kwa video mnakatana maneno.

Visahani vipya, mfano vya Starlink, vinawasiliana na setilaiti zilizo kilomita 550 hivi, kwa hiyo kuchelewa kunashuka hadi makumi machache ya milisekunde. Lakini setilaiti ya chini namna hiyo haitulii. Inakwenda takriban kilomita 27,000 kwa saa na inaonekana kwa dakika chache tu kabla nyingine haijashika zamu. Dishi la kukazwa kwa nati haliwezi kuifuata. Ndani ya kisahani basi kuna ubao wenye antena ndogo ndogo, zaidi ya elfu moja kwenye toleo la kwanza, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja na ushee. Zote zinarusha wimbi lile lile, ila kila moja inacheleweshwa kidogo sana kuliko jirani yake. Upande mmoja mawimbi yanaungana na kuwa mwale wenye nguvu. Pande nyingine yanafutana. Ukitaka kuugeuza mwale unabadilisha vile vipimo vya kuchelewesha, na hakuna kinachosogea juu ya paa. Huu ni ufundi uliokaa miaka mingi kwenye rada za kijeshi, na kuuona umefika kwenye bati la shule ni jambo la kufurahia kweli kweli.

Wengi huuliza kama Mlima Meru hauzibi mawasiliano. Hauzibi. Kutoka katikati ya mji kilele kinasimama kama nyuzi 12 juu ya upeo, na Kibo ukiwa Moshi mjini haufiki hata nyuzi 10, wakati kisahani kwa kawaida hutafuta setilaiti zilizopanda kuanzia nyuzi 25 hivi. Kinachoziba ni miti na migomba ya jirani. Machame au Marangu, ambako kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kimefunikwa na kijani kutoka juu mpaka chini, kupata anga wazi ni kazi kuliko kupata pesa ya kifaa.

Kuna jambo la ikweta ambalo halisemwi. Setilaiti nyingi za Starlink zinazunguka kwenye njia iliyoinama nyuzi 53, kwa hiyo zinasongamana juu ya Ulaya na kaskazini ya Marekani, na huku kwetu zinapita chache zaidi. Halafu kanuni za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinazitaka setilaiti za chini zisiingilie mawasiliano ya zile za juu zilizozitangulia. Zile za juu zimejipanga kwenye mstari unaokatiza karibu na utosi wetu, kutoka mashariki kwenda magharibi. Sehemu ya anga ambayo ingekuwa ya karibu na yenye nguvu kuliko zote inabidi kisahani cha Arusha kiikwepe, kitafute za kando, kaskazini au kusini yake. Kinafanya kazi, lakini hakina uwanja mpana kama cha mwenzake wa Ujerumani.

Na hicho kilichopatikana ni cha kugawana. Eneo moja linapewa uwezo wake, na watumiaji wote waliomo wanachota humo. Wachaga wanaijua hesabu hii kwenye mfongo, mfereji wao wa maji: kila kihamba cha juu kikifungulia maji, wa chini anabaki na matone. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuuza kwa wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, ikiwemo Kajiado inayopakana na Longido, kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa. Yeyote anayetaka Sakina au Majengo nzima ihamie setilaiti angepaswa kuanza na habari hiyo. Mkongo ukijaa unaongeza vifaa vya pande mbili; anga ikijaa unasubiri kampuni irushe nyingine.

Umeme nao si mdogo. Kifaa cha wastani kinakula kama wati 75. Kikiwaka usiku na mchana, kwa mwezi ni yuniti 54, na mteja wa D1 wa TANESCO, yule wa matumizi madogo, anatakiwa asizidi 75. Vipo vidogo vinavyokula wati 25 hadi 40, na kwa sola ndivyo ningeshauri.

Pamoja na hayo, wanaokipinga kabisa siwaungi mkono. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya nchi ikayumba. Setilaiti zinazopasiana data kwa leza zinaweza kuishusha mbali na mwambao wetu, na hiyo ni njia ya pili ya kweli. Tena kuna Simanjiro, Longido, Ngorongoro, ambako maboma yametawanyika hata mnara mmoja haujilipi. Huko watu ni wachache, anga iko wazi, kugawana hakuumi. Udhaifu wote nilioutaja wa mjini, kule unapungua. Zahanati ya huko haiwezi kuambiwa isubiri mtaro wa mkongo.

Kwa hiyo msimamo wangu: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iruhusu huduma hizi kwa leseni yenye masharti, na kazi ya mkongo iendelee kana kwamba setilaiti hazipo. Kama TTCL, shirika la simu la taifa, iliweza Agosti 2022 kufikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro, kata za Moshi Vijijini hazina sababu ya kuachwa ziangalie angani. Kwa shule za pembezoni, swali langu kwa wafadhili na halmashauri ni moja, nalo linapaswa kujibiwa kwa maandishi kabla kisahani hakijafungwa: baada ya mwaka wa kwanza, ada ya kila mwezi italipwa kutoka fungu lipi?