Fisi wa Bucha

Mbuzi wa bibi mmoja pale Lamadi alipotea usiku, nikaitwa mimi, maana nilishatamba kijiweni kwamba nyayo nazisoma kama gazeti. Nilifika saa 12 na nusu asubuhi. Jua likiwa chini, kivuli huingia kwenye unyayo na hata ncha ya kucha inaonekana; saa 6 mchana huoni kitu.

Kwenye tope la ufukweni nikaukuta: vidole 4, kucha wazi, urefu kama sentimita 10. Simba na chui wakitembea huficha kucha, kwa hiyo nikawafuta. "Fisi!" nikatangaza. (Kiukoo fisi yuko karibu na paka na nguchiro kuliko mbwa, ila miguu yake haijapewa taarifa.)

"Mjukuu wangu, huyo si mbwa?" bibi akauliza taratibu. Nikamwonea huruma.

Hatua 200 mbele, kinyesi cheupe, kikavu kama chaki. Nani tena anatafuna mifupa mpaka choo kinakuwa chokaa? Nikakifunga kwenye kipande cha gazeti, nikatia mfukoni. Ushahidi.

Sungusungu 4 wakaja na marungu. Nikawaamuru watembee pembeni ya nyayo, wasizikanyage, na wanyamaze. Nikarusha vumbi kupima upepo, maana fisi ananusa mbali. Likamwingia kamanda machoni. Tukanyata karibu saa nzima, tukatokea nyuma ya bucha. Jibwa limelala juu ya rundo la mifupa.

Tope ndilo lililoniponza. Mguu ukizama, vidole huachana na unyayo hutanuka, wa sentimita 7 unakuwa wa 10. Unyayo hupimwa penye udongo mgumu wenye vumbi jembamba. Halafu kitako cha unyayo wa fisi kimekaa mshazari, cha mbwa kimelingana pande zote; kwenye tope kilikuwa kimevurugika, nami sikuhangaika kutafuta kingine. Na kinyesi cheupe hakina hatimiliki: mbwa wa kulishwa mifupa naye hutoa hichohicho.

Mbuzi alionekana zizini kwa jirani, anakula maganda ya mihogo.

Lile jibwa likaamka, likaja moja kwa moja kunusa mfuko wangu. Mwenye bucha akaniangalia, akaliangalia gazeti.

"Kaka, hicho unaondoka nacho, au unamrudishia mwenyewe?"