Chembe Nano Ndani ya Oili ya Injini: Kosa Liko Kwenye Chupa

Ukimtajia fundi mzoefu oili yenye chembe nano, yaani vipunje vya nanomita chache hadi mia hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), atakujibu upesi kwamba huo ni utapeli. Ana sababu. Mwaka 1997 nchini Marekani, tume ya biashara ya FTC ilifikia makubaliano na watengenezaji wa Slick 50, kiongezi cha kumimina kwenye oili chenye unga wa PTFE (plastiki inayoteleza, maarufu kama Teflon), baada ya kuwashtaki kwa kutangaza kinga ya injini bila ushahidi wa kutosha. Lakini hukumu iliyostahili tangazo imeiangukia kemia nzima, na hapo ndipo inapokosea.

Tazama oili iliyomo kwenye gari lako sasa hivi. Viongezi vyake vya kusafisha, vile vinavyoua asidi inayotokana na kuungua kwa mafuta, vimebeba kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachojenga mawe ya matumbawe. Kitu hicho hakiyeyuki kwenye mafuta. Kimo humo kama vijipunje vya nanomita chache, kila kimoja kimevikwa koti la molekuli zenye kichwa kinachoshika madini na mkia unaopenda mafuta. Ni kazi ya miongo mingi, hakuna anayeiita nano, na haiachi mashapo. ZDDP nayo, kiongezi cha zinki na fosforasi kinachotumika tangu miaka ya 1940, huzuia vyuma kulika kwa kutandaza juu yake utando wa nanomita 100 hivi.

Basi kwa nini kutafuta vingine? Fosforasi ya ZDDP ikiungua pamoja na oili inayopenya kwenye ringi za pistoni, huharibu katalisti ya ekzosi, kifaa kinachosafisha moshi. Ndiyo maana oili nyepesi za daraja la ubora la API SP, kama 5W-30, zimewekewa ukomo wa fosforasi wa 0.08% ya uzito. Wakati huohuo oili zinazidi kufanywa nyepesi ili kuokoa mafuta, na utando wa oili unazidi kuwa mwembamba palepale pabaya: ringi ya juu pistoni inapogeuza mwendo, na ncha ya kemu inapobana tapeti. Hapo chuma hugusa chuma, na hapo ndipo disalfidi ya tangisteni inapofaa. Mwaka 1992 kikundi cha Reshef Tenne cha Taasisi ya Weizmann, Israel, kilionyesha kwamba inaweza kujifunga ikawa vijipira vyenye tabaka kama za kitunguu. Kijipira kikibanwa, tabaka za nje hubambuka, zikashika kwenye chuma na kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Fosforasi haihitajiki.

Kazi ngumu ni kuzuia chembe zisishikane. Kasi ya chembe kuzama hupanda kwa mraba wa kipenyo chake: kipenyo kikiongezeka mara 20, kasi huongezeka mara 400. Piga hesabu kwa disalfidi hiyo ya tangisteni, ambayo mchemraba wa sentimita moja una gramu 7.5, ndani ya oili ya 15W-40 iliyotulia kwenye nyuzi 40. Chembe ya nanomita 50 hushuka kama milimita 3 kwa mwaka. Zikishikana zikawa donge la mikromita moja (nanomita 1,000), donge hushuka milimita 3 kwa siku. Likiwa na mianya ndani litapungua kasi, lakini halitarudi kwenye milimita 3 za mwaka. Madini ni yaleyale na uzito uliomwagwa ni uleule. Kilichobadilika ni koti tu. Tena filta haitakuokoa, kwa sababu imetengenezwa kushika takataka za mikromita kumi na kitu na kuendelea. Kuongeza dozi kunazidisha tatizo: majaribio mengi hupata nafuu kati ya 0.1% na 1% ya uzito, na ukipita kilele madonge huanza na kulika kunarudi. Kwa lita 4 za oili, 0.5% ni gramu 17 tu.

Wapinzani wenye ujuzi hawabishi hayo. Wanauliza jaribio lilifanywa ndani ya nini. Mengi yalifanywa kwenye oili ya msingi isiyo na viongezi, na humo karibu chochote kitang'ara. Katika oili kamili ZDDP imeshakalia chuma, na vitawanyishi vilevile vinavyotenganisha chembe huweza kuzizuia zisishike kwenye chuma. Hoja hii ni nzito. Vilevile, msuguano kupungua 30% kwenye mashine ya maabara si 30% ya mafuta: beringi za kranki huelea juu ya oili, na hapo kinachoamua ni mnato wa oili, yaani wepesi au uzito wake wa kumiminika.

Mwenye malori anayepima oili chafu maabara ajihadhari na chembe za shaba, kwani shaba ndiyo king'ora cha beringi zinazolika. Ukiimimina mwenyewe, king'ora kinakuwa bubu. Na kwa bodaboda jibu langu ni hapana. Klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na alama ya JASO MA kwenye chupa za oili ya pikipiki ipo ili klachi isiteleze. Ukitia kilainishi cha ziada, mlimani ukiwa na abiria injini inaweza kunguruma bila tairi kuvuta.

Mahali pa chembe hizi ni kiwandani, koti lake likiundwa pamoja na viongezi vingine, kisha zijaribiwe ndani ya oili kamili. Aliyekwisha kununua chupa aikoroge kwa kipimo chake ndani ya oili anayotumia, kwenye glasi safi, aipashe moto hadi nyuzi 90 hivi, kisha aiache kabatini wiki mbili bila kuitikisa. Ainamishe glasi polepole kwenye mwanga. Akiona tandiko la kijivu au jeusi limebaki chini wakati oili inasogea, hilo ndilo litakalolala kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kila gari likiegeshwa.