Umeme Upo, Friji Limegoma

Ndani ya gari letu la kulala, nyumba yetu ya magurudumu, kila kitu kina huruma isipokuwa friji. Taa zikipata volti 10 zinawaka. Pampu ya maji ikipata volti 10 inakohoa, inajikaza, maji yanatoka. Redio ndiyo kabisa, itaimba mpaka betri ikate roho. Friji halina undugu na mtu. Kijitabu chake kimeandika kwamba umeme wa kadi yake, ule ubongo wa elektroniki unaoliongoza, usishuke chini ya volti 10.5, nalo limeishika sheria hiyo kwa meno. Lipe 10.4 uone.

Linawasha kitaa chekundu, linalia pii, pii, pii, linazima. Baada ya muda linajiwasha lenyewe, unaanza kushukuru, linalia tena. Na visa hivi halivifanyi tukiwa tumeegesha, maana hapo kuna mashahidi. Linavifanya tukiwa katikati ya safari, maziwa yamo, siagi imo, dawa ya macho ya mama mkwe imo. Simamisha gari, zima injini, nenda ukaliangalie: kimya. Kitaa cha kijani. Lina adabu kama nini.

Kila ukoo una mtu mwenye mita ya kupimia umeme. Kwetu ni shemeji, kaka yake mke wangu. Mita yake ina mfuko wake, na mfuko una zipu, na ile zipu ikifunguliwa watu wazima tunatakiwa kunyamaza. Akafungua kifuniko cha nyuma ya friji, akagusa nyaya kwa zile ncha mbili, akasoma kwa sauti ya hakimu:

"Kumi na mbili nukta sita. Shemeji, umeme upo."

Zipu ikafungwa. Kesi imekwisha.

Mke wangu akanigeukia. "Baba Watoto, si umesikia umeme upo? Basi tatizo ni wewe na hivyo vitufe unavyovibonyezabonyeza."

Mafundi nao hawakuniacha salama. Mmoja alisema kadi imekufa, ninunue nyingine. Mwingine alisema kadi ni nzima, betri ndiyo imekufa. Akaja wa tatu, mpaka leo sijui nani alimwita, akashauri friji litolewe lote, lilazwe kichwa chini usiku kucha, ati gesi ndani yake ijipange upya. Nikamuuliza hiyo gesi inahusianaje na kitaa cha umeme mdogo. Akasema hivyo vitu vinakwenda pamoja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba friji la aina hii halihitaji umeme ili kutengeneza baridi. Linahitaji moto. Ndiyo, moto. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni muujiza huo mwaka 1922: unapasha amonia na maji huku chini, mvuke unazunguka kwenye mabomba yenye hidrojeni, baridi inatokea upande wa pili. Hakuna mota, hakuna kinachosagika. Wangeachiwa hapo, leo tungekuwa tunalala. Lakini akaja mtu baadaye, simjui na sitaki kumjua, akaona friji lisilo na cha kuharibika ni hasara, akalibandika kadi ya elektroniki. Sasa hata ukilitegea gesi, kadi ndiyo inayofungua vali, kadi ndiyo inayopiga cheche, kadi ndiyo inayochungulia kama moto umeshika. Kadi ikikosa haki yake, moto hauwaki. Una mtungi umejaa mpaka shingoni, unanyimwa baridi kwa ajili ya sehemu ya kumi ya volti!

Turudi kwa ile 12.6 ya shemeji, maana ndiyo iliyotuchelewesha. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma hapo hapo, 12.6 au 12.7. Kwa hiyo shemeji hakusema uongo. Aliyesema uongo ni waya. Mita hainywi umeme wa maana, kwa hiyo hata nyaya ziwe zimeshikiliwa na unywele mmoja wa shaba, itakuonyesha 12.6 na tabasamu juu. Kupima friji injini ikiwa imezimwa ni kumuuliza mtu aliyelala kitandani kama anaweza kubeba gunia. Atakwambia anaweza. Mbebeshe kwanza.

Na friji letu hubebeshwa mzigo gari likiwa linatembea tu. Hita yake ya volti 12, inayoshika nafasi ya moto wa gesi tukiwa safarini, ni ya wati 170, hiyo ni kama ampea 14, na umeme wake unapita kwenye rilei, yaani swichi inayoruhusu umeme pale tu injini inapounguruma, ili betri isinyonywe usiku. Ukizima injini, hita imelala, kinachokula ni kadi peke yake, nusu ampea kwa kubahatisha. Ndiyo maana mafundi wote walilikuta limekaa kitako kama mtoto wa shule ya Jumapili. Walikuwa wanazima injini kwanza! Ati usalama!

Basi nikaazima ile mita. Kuazima kwenyewe ni hadithi, niliapishwa. Gari nje kwenye hewa, breki ya mkono, vizuizi kwenye magurudumu, mke wangu kwenye usukani na maelekezo ya kutogusa kitu. Akawasha injini, friji likawekwa upande wa volti 12, rilei ikagonga tak. Kwenye vichwa vya betri: 13.4. Kwenye nyaya za hita, nyuma ya friji: 10.4. Volti 3 zimepotea njiani, na njia yenyewe haifiki hata urefu wa gari.

Hapa sasa ndipo mita inapokuwa na faida, ukiacha kuitumia kama kipima joto cha mgonjwa. Huhitaji kukata waya wala kufungua kadi. Friji likiwa linafanya kazi, ncha moja unaiweka kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya friji. Kama waya ni mzuri, unasoma karibu na sifuri. Nilisoma 0.5. Siyo ya kujivunia, lakini siyo ya kulilia. Halafu hasi ya betri na hasi ya friji, kwa kipande kirefu cha waya ili ncha ifike: 2.5.

"Mbili nukta tano!" nikapiga kelele.

"Nizime?" mke wangu akauliza.

"Usizime! Mwizi yumo ndani!"

Majirani wawili wakasogea.

Nikaufuata waya hasi kwa vidole. Kumbe aliyeliunganisha gari hili hakuufikisha kwenye betri. Aliuona mrefu, akachoka, akaufunga kwa skrubu moja kwenye bati la gari, juu ya rangi, karibu na gurudumu ambako maji yote ya barabara yanarushwa. Rangi haipitishi umeme, kutu hupitisha kwa shida, na waya mwembamba wa kadi nao ulikuwa umefungwa kwenye skrubu hiyo hiyo. Kwa hiyo kila hita ilipoanza kuvuta, kadi ilikuwa inanyongwa pamoja nayo. Inaona 10.4, inazima hita, hita ikizima volti zinapanda, kadi inafurahi, inawasha hita. Pii, pii, pii. Skrubu nikaigusa, nikautoa mkono haraka. Volti 2.5 mara ampea 12 ni wati 30. Kumbe safari zote hizi gari limekuwa likipika skrubu, huku siagi inakuwa mchuzi.

Na kwa kuwa joto la hita hufuata kipeo cha pili cha volti, yaani volti mara volti, ile 10.4 ilikuwa inaipa robo tatu tu ya joto lake. Hata zile dakika chache friji lilipokubali kufanya kazi, lilikuwa linajisukuma tu.

Sikuisugua skrubu kwa msasa, ingawa wengi hufanya hivyo na hupona kwa muda. Nilivuta waya mnene wa hasi moja kwa moja hadi kwenye betri, na wa kadi nikaupa njia yake, kila mtu na nyumba yake. Injini ikawashwa: hasi inapoteza 0.2, friji linapata 12.6. Hiyo 12.6 nyingine, ya jasho, hita ikiwa imebeba mzigo wake wote. Wenye magari mapya yenye alteneta erevu, yaani jenereta ya injini inayopunguza chaji ikiona betri imeshiba, mtasikitika kidogo: nyinyi mnaweza kuwa na waya safi kabisa na bado friji likanung'unika, kwa sababu alteneta yenyewe imeamua kubana matumizi. Huko kunahitaji kifaa cha kupandisha volti katikati. Upande wa umeme wa kuchomeka, ule wa majumbani, siugusi wala sishauri mtu auguse kwa ncha za mita. Volti 12 hukutia hasira tu. Ule mwingine unaua.

Mita ikarudishwa kwa shemeji, akaikagua pande zote kama mtoto aliyerudi kutoka kwa jirani. Akalisikia friji kimya, akagusa siagi, ngumu. Akafikiri. Nikaona uso wake unang'aa, nikajua hakuna usalama.

"Shemeji, sasa si tuitoe hiyo rilei? Friji liwe linakula betri hata tukiegesha. Usiku kucha baridi!"

Betri yetu ni ya ampea-saa 100. Kwa ampea 14 au 15, nusu yake inakwisha ndani ya saa tatu na kitu, na ikifika alfajiri hakuna taa, hakuna pampu, hakuna redio. Nikamweleza pole pole. Akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, kisha akauliza bisibisi iko wapi.

Nimeikalia.