Ile ya kwanza mmeificha wapi?

Juzi kijana mmoja anayejazia watu muvi kwenye flashi hapa Mtwara kaniudhi kweli. Nimempelekea Star Wars ya 1977, ile iliyorudishwa na mashabiki ilivyokuwa ilipotoka sinema, nikamwambia weka hiyo na watu wengine waione, akaifungua kidogo tu akanirudishia flashi yangu. "Bro hii ina chenga, mi ninayo ya HD." Ati ya HD! Anayo ile iliyochakachuliwa, yaani anajivunia kabisa, na mteja aliyekaa pembeni naye akadakia, ya zamani ya nini wakati mpya ipo. Nikaondoka nimevimba.

Chenga nizimalize haraka maana sio hoja yangu kubwa. Zile sio chenga za antena jamani, filamu ya milimita 35 picha yake imejengwa kwa vipunje, ukivifuta kwa kompyuta umefuta na ngozi ya mtu na nyuzi za shati lake. Aliyeiona Predator kwenye diski ya Blu-ray iliyotoka 2010 anajua, Schwarzenegger kasuguliwa mpaka kawa kama lile sanamu la kuvalishia nguo mlangoni mwa duka. Msituni, kwenye jasho na matope, halafu uso hauna hata kitundu.

Kinachoniuma ni kuficha. 1997 George Lucas akairudia muvi yake, akaongeza madubwana ya kompyuta yanakatiza barabarani mbele ya watu wanaoongea, akaongeza kipande cha Jabba, lile jambazi kubwa, na Han Solo, yule rubani, ambaye kwenye baa alimtwanga Greedo, mwindaji aliyekuja kumkamata, risasi chini ya meza bila kumsubiri, sasa Greedo ndiye anaanza, tena anakosa, na wamekaa meza moja! Ikaja DVD ya 2004, wamegusa tena. Blu-ray ya 2011, wamegusa tena. 2019 kwenye Disney+ Greedo kaongezewa na neno, "maclunkey", kabla ya kufa. Miaka arobaini na kitu bado kipande kimoja cha baa hakijamtulia mtu moyoni.

Sasa abadilishe, mali ni yake, sina neno. Mwandishi anaruhusiwa kuandika upya, fundi anaruhusiwa kuvunja ukuta wake. Ila huwezi kuvunja ukuta halafu unaniambia ule wa zamani haukuwahi kuwepo, na Lucas alishasema waziwazi 2004 kwamba kwake yeye ile ya kwanza ni kama haipo tena. Haipo vipi? Watu walipanga foleni 1977 wakaangalia nini, ukuta? Zile meli za angani za plastiki na gundi zilizopigwa picha moja baada ya nyingine ndizo zilizoipa Oscar ya madoido, sio madubwana ya 1997, sasa leo mwanafunzi wa filamu akitaka kuona kazi ya wale mafundi ilivyokuwa aende wapi? Na cha kuchekesha (mi sicheki) ni kwamba 1988 Lucas huyohuyo alienda mbele ya Bunge la Marekani kupinga matajiri waliokuwa wanapaka rangi muvi za black and white, akasema wanaobadilisha na kuharibu kazi za sanaa kwa ajili ya faida au kuonyesha ubabe ni washenzi. Tena akaonya kwamba teknolojia itakuja kuwarahisishia kazi. Ikaja kweli, na wa kwanza kuipanda akawa yeye.

Eti 2006 walituhurumia wakatoa ile ya zamani kwenye DVD, kama bonasi, imenyofolewa kutoka kwenye masta ya LaserDisc, yale madiski makubwa ya zamani, ya 1993, picha ndogo katikati ya skrini imezungukwa na weusi kila upande. Unampa mgeni ukoko halafu unasema si nilimpa chakula.

Ndipo mashabiki wakaingia. Petr Harmáček, Mcheki, kachukua hiyohiyo Blu-ray ya 2011 kama msingi, kila palipochezewa akapaziba kwa vipande kutoka kwingine, hiyo DVD ya bonasi, skani za filamu, hata picha mnato, dubwana likipita linafutwa fremu kwa fremu na sekunde moja ina fremu 24, piga hesabu mwenyewe. Wengine, wale wa mradi unaoitwa 4K77, wakaona kwa nini tuzibe viraka, wakatafuta kopi ya sinema yenyewe ya 35 wakaiskani kwa 4K, wakasafisha uchafu na mikwaruzo. Rangi ndiyo kasheshe. Kopi nyingi za miaka ile zimegeuka pinki maana rangi nyingine zinakufa mapema unabaki wekundu, ndicho kilichozipata hata picha za albamu za wazee wetu, ila kopi za Technicolor, zilizochapwa kwa wino wa rangi, hazififii hivyo, kwa hiyo ukiipata moja una ushahidi wa jangwa la Tatooine, ile sayari ya kwenye muvi, lilikuwa na rangi gani kabla watu hawajaanza kulipaka.

Mtasema haya mambo ya Wazungu. Mama yangu mdogo alipeleka mkanda wa VHS wa harusi yake studio moja mjini wamhamishie kwenye flashi. Karudishiwa bibi harusi kavutwa upana ili ajae kwenye TV ya bapa, mioyo mekundu inaelea juu ya ndoa, na sauti yote imetolewa umewekwa muziki wa kisasa. Akauliza, "Vigelegele vya mama viko wapi?" Bibi yangu alishafariki, sauti yake ilikuwa mle tu. Na mkanda? "Tumeutupa mama, ulikuwa na ukungu." Wamefanya kwa mapenzi kabisa, hata hela ya mioyo hawakumchaji.

Na msije na hoja ya Lufufu. Lufufu alikuwa anaongea juu ya muvi anaweka chumvi yake, tulicheka kibanda umiza kizima, lakini hakuna aliyedhani ile sauti ilitoka Hollywood, na ile ya kizungu bado ulikuwa unaipata ukiitaka.

Haya, shingo upande nakubali, hawa mashabiki hawana kibali, na Disney walioinunua Lucasfilm 2012 wakiamua kuwasumbua wana haki zote. Mashabiki wenyewe wanakuambia nunua kwanza ya halali. Sisi wa Mtwara kuchele ambao muvi tunapimiwa kwa GB hatuna uso wa kuhubiri hakimiliki hata kidogo. Nakubali pia ile kazi ya 1997 iliifufua negativu, yaani filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, iliyokuwa na hali mbaya, asanteni, sasa kama mliifufua si mtuonyeshe? Toeni zote mbili, safi, bei ileile, anayetaka maclunkey yake achukue.

Nilitaka kuwawekea hapa picha mbili mlinganishe, umeme ukakatika. Na gesi ya kuzalisha umeme iko hapohapo Msimbati.

Kwa mtakaokuja kuniambia mmeiangalia hamjaona tofauti, naomba kwanza mseme mmeiangalia kwenye TV gani. Hizi zinazonunuliwa kwa hela za msimu wa korosho zikitoka kwenye boksi zinalainisha mwendo wa picha zenyewe, muvi yoyote inageuka tamthilia ya saa mbili usiku, na ukali wa picha umepandishwa mpaka mwisho. Ingia kwenye mipangilio, zima hivyo vyote, ndio urudi tubishane.