Natukanwa kwa Niaba ya Kiwanda

Juzi mzee mmoja wa Nanyamba aliniletea kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Mtwara televisheni ya inchi 43, kaivisha shuka na kuifunga kamba, kaipakata kwenye Noah tangu alfajiri. Aliinunua msimu wa korosho wa mwaka juzi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza ina shida gani.

"Inasema, ila haioneshi."

Nimekutana na mafundi wenye vyeti wanaoeleza ubovu vibaya kuliko hivyo. Nikaichomeka. Sauti ikatoka safi, taarifa ya habari inasomwa, kioo kimekaa cheusi tii. Nikashusha pazia la kibanda, nikawasha tochi ya simu na kuiegemeza kwenye kioo kwa upande. Mtangazaji yupo! Kakaa gizani na tai yake, midomo inacheza. Mzee akacheka kama kaoneshwa mazingaombwe.

Kwa wasiojua, kioo cha televisheni hizi hakina mwanga wake. Nyuma yake kuna vipande vyembamba vya taa za LED, zimeungwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi mmoja. Moja ikiungua na kukata njia ya umeme, uzi mzima unalala. Picha inakuwepo, cha kuimulika ndicho hakuna. Na zinaungua kwa nini? Mara nyingi ninazofungua mimi, ni kwa sababu zimetoka kiwandani zikisukumiwa mkondo mkubwa, ili televisheni ikipangwa dukani pamoja na wenzake iwake kama jua la saa saba na ikuvute wewe mwenye hela ya korosho mfukoni. Ukifika nyumbani unatazama sebuleni, usiku, ambako hata nusu ya mwanga ule ingetosha. Lakini taa zinaendelea kuchemka, na LED haipendi joto.

Kila ninapobadilisha taa hizo huwa nashusha mkondo kidogo kwa kubadili rezista moja, kidude cha kubana umeme, iliyo ndogo kuliko punje ya mchele. Picha inafifia kwa kiasi ambacho hakuna mteja aliyewahi kukigundua. Kazi ngumu ni kuzifikia. Lazima uinue kioo chenyewe, ambacho ni chembamba kama kaki na kimeungwa pembeni kwa tepe laini za kupitisha umeme, na tepe moja ikichanika, fundi, umeinunua televisheni ya watu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

"Kwa hiyo waliitengeneza ife."

"Waliitengeneza ing'ae, mzee. Kufa hakuwahusu."

"Nyie na hao wenye viwanda lenu moja," akasema, na akanitazama mimi, si televisheni.

Kero yangu iko hapo. Aliyeitengeneza yuko ng'ambo ya bahari. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja na karatasi yake ililiwa na panya. Duka lililomuuzia sasa linauza vitenge. Anayeonekana, mwenye sura na meza na bisibisi mkononi, ni mimi. Nimegeuka ofisi ya malalamiko ya kampuni ambazo hazijui kama Mtwara ipo duniani, na mshahara hazinitumii.

Wenye viwanda walianza zamani. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliungana Geneva katika umoja walioupa jina Phoebus, wakakubaliana balbu iishi saa 1,000, wakati huko nyuma zilizoishi 1,500 au zaidi hazikuwa ajabu. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita makubaliano kilitozwa faini. Hebu fikiria fundi wa kiwanda hicho: kazi yake ni nzuri, na uzuri wake ndio kosa.

Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Walisema ni kuzuia simu isijizime ghafla, na hapo sitawapinga, maana naijua betri iliyochoka inavyoporomoka ukifungua kamera. Kosa ni kwamba hawakusema. Mtu anaona simu imekuwa kobe, anaamini imezeeka, ananunua nyingine, kumbe ilihitaji betri tu. Ufaransa iliwatoza euro milioni 25 Februari 2020 kwa kunyamaza huko. Jambo hilo fundi yeyote wa hapa sokoni angemweleza mteja kwa dakika mbili, kama angeachiwa njia ya kuingia ndani.

Njia yenyewe ndiyo inayozibwa. Kitochi unabandua mfuniko kwa ukucha na betri unaitoa kwa vidole. Simu janja ya leo imebandikwa gundi kila upande: unaipasha moto kwa blowa, unapenyeza kipande cha plastiki polepole huku unasali kioo kisipasuke, halafu ukifika kwenye betri nayo imegandishwa kwa gundi yake. Ulaya wamejitungia sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinatolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Hongera zao. Sisi tunangoja masalia ya haki yao yafike na meli. Na katika gundi zote hizo hakuna hata moja inayozuia upepo wa chumvi wa Mikindani. Nikifungua simu ya mvuvi nakuta bodi ina kutu ya kijani kama ukuta wa magofu.

Printa sitazieleza sana, nitapandisha presha. Nitasema hivi tu: iko moja kwenye steshenari ya jirani yangu ilisimama katikati ya kuchapa mitihani, si kwa ubovu, bali kwa sababu ndani yake kuna kaunta inayohesabu wino unaomwagika kwenye sponji wakati inajisafisha, na hesabu ilifika mwisho. Nikafungua na kuosha sponji, nikaianika juani. Printa ikagoma vilevile. Haiangalii sponji, inaangalia namba. Ilibidi tununue mtandaoni msimbo wa kuirudisha sifuri, kwa dola.

Kwenye burudani mambo ni yale yale, ila huko hata bisibisi haisaidii. Enzi za DVD wenye filamu waliigawa dunia vipande, kila kipande na namba yake, sisi tukatiwa kanda ya 5 pamoja na Urusi na India. Ndugu yako akitoka Uingereza na diski halali, ya dukani, yenye risiti, deki ya hapa inaikataa. Diski feki ya buku uliyonunua stendi inacheza bila swali lolote. Aliyelipa kihalali ndiye aliyeadhibiwa. Halafu miaka ikapita wakashangaa kwa nini vijana wetu wanakuja vibandani na flashi kuomba "niwekee muvi, bro".

Siku hizi diski hakuna, kila kitu kinatoka angani, na unachokinunua hukishiki. Julai 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kuvinunua, kwa kuwa muuzaji wake hakuwa na haki ya kuviuza. Hela walirudisha. Kimojawapo ni kile ambacho hapa tunakisoma kama Shamba la Wanyama. Nakala yangu ya karatasi imepoteza jalada na imelowa mara mbili, lakini hakuna mtu wa Marekani anayeweza kuingia chumbani kwangu usiku akaichukua na kuniachia chenji. Na Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za zamani kidogo. Televisheni nzima, kioo kizima, ila programu imesema basi. Mteja akiletewa ujumbe kama huo unadhani anamuuliza nani?

Sasa tuje kwenye muvi zenyewe, maana zina dhambi yake. Mtaalamu wa kompyuta wa kwenye muvi anagonga kibodi sekunde saba na kusema "nimeingia". Hajawahi kusahau nywila. Hajawahi kukatikiwa umeme. Nilikuwa nacheka mpaka siku kijana mmoja wa bodaboda alipokuja na kipande cha video. Pikipiki yake iliibwa, na kamera ya duka la pili ilimnasa mwizi. Kipande hicho kijana alikuwa ametumiwa kwa WhatsApp.

"Fundi, ivute hii sura itoke vizuri."

Nikamwekea kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka uso ukageuka vigae kama sakafu ya bafu. Nikamwambia ahesabu. Akahesabu kwa kidole kwenye kioo, sauti ya chini: kumi na nne kwa upana. Nikamuuliza katika vigae kumi na vinne macho yapo kipi, pua ipo kipi. Akanyamaza, halafu akasema, "Lakini kwenye muvi wanabonyeza tu."

Nikamweleza kwamba kamera haikuandika zaidi ya vigae hivyo, na WhatsApp imevibana zaidi, na kwamba programu za akili bandia za siku hizi zinaweza kumpa sura safi kabisa, yenye kope, ila ni sura ya kutungwa. Angempeleka polisi mtu asiyekuwepo au, mbaya zaidi, aliyepo. Nikamwambia awahi dukani achukue video yenyewe kutoka kwenye mashine ya kamera kabla haijajifuta, kwa kuwa zile zikijaa zinaandika juu ya za zamani. Alikwenda baada ya siku nne. Ilikuwa imeshajifuta. Mtaani alieleza kwamba yule fundi hakusoma vizuri.

Nilichompa ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ninavyouza, na alikitupa kwa sababu hakifanani na cha kwenye muvi.

Mei 2024 ndio nilikoma. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar imekatika kule Somanga, vioo vya simu nilivyoagiza vimekwama njiani. Halafu Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikaanguka. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda huu zikabaki zinapepesuka. Jumatatu asubuhi nafungua kibanda nakuta watu watatu wamekaa kwenye benchi langu, wote wateja wa wiki iliyopita.

"Juzi umeniwekea kioo, leo haishiki mtandao," alisema mama mmoja. "Umegusa nini?"

Nikaelekeza mkono upande wa bahari na kuanza kueleza habari za nyaya. Nilijisikia ninavyofanana na mwongo. Wa pili akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba mafundi wakiharibu huwa hawakosi maneno.

Kwa sababu hizo zote, mwaka huu nilichukua ubao nikaandika kwa chaki: KUKAGUA NI ELFU TANO. Hospitali unalipia kipimo hata kama malaria haikuonekana, na hakuna anayemwambia daktari arudishe hela kwa kuwa hakumkuta mdudu. Lakini kwa fundi watu wanalipia kifaa kilichobadilishwa. Kichwa kilichojua kipi cha kubadilisha kinahesabiwa kama hewa. Ubao ulidumu wiki mbili kabla mjomba hajapita. Huku kwetu kusini mjomba si mtu wa kumtajia bei. Aliusoma taratibu, akausoma tena, akasema, "Mpwa wangu, siku hizi hata kutazama unauza?" Simu yake nilikagua bure, nikaweka na sistemu chaji mpya bure.

Mteja wa kwanza aliyelipa bila kubishana alikuwa mama wa Magomeni, na king'amuzi chake ndani ya mfuko wa rambo. Kinagoma kubadilisha chaneli. Nikafungua, nikapima, kapasita zipo sawa, bodi safi. Nikakifunga. Nikachukua rimoti, nikaielekeza kwenye kamera ya simu na kubonyeza, maana kamera ya simu mara nyingi huona ule mwanga wa rimoti ambao jicho halioni. Giza. Betri zimekufa.

Nikamwambia king'amuzi ni kizima, mama, ni betri za rimoti. Akafurahi sana. Akakirudisha kwenye mfuko, akasimama, hakuondoka.

"Kwa hiyo hukutengeneza kitu?"

"Hapana, mama."

"Basi ile elfu tano yangu?"

Sikuirudisha. Nilitoa betri mbili kwenye droo, za kwangu, nikamwekea kwenye rimoti na nikakataa hela yake ya betri, na jioni nzima nilikaa najiona mjinga bila kujua ni kwa lipi kati ya hayo mawili.