Kihodi Kanigomea

Nakwambieni, mie nimezaliwa Makangale hapa Pemba, msitu wa Ngezi uko nyuma ya choo chetu, na miaka yangu yote hamsini na mbili kazi yangu na ndege ilikuwa moja tu: kuwafukuza. Nna umri wa miaka saba nshapandishwa dunguni kuamia mpunga, debe mkononi, nakemea mpaka koo linakauka. Wanakuja, nafukuza. Wanarudi, nafukuza. Hakutokea mtu hata siku moja akanambia, "Ahsante kijana, shika hii ukanunue kashata." Leo mtu katoka Uingereza, kapanda ndege mbili na boti moja, katoa fedha zake, aje kuwaangalia. Kuwaangalia tu! Hawali, hawafugi, hawafukuzi.

Balaa lenyewe kaniletea mpwa wangu. Kasomea kutembeza wageni, ana kibeji shingoni, na tangu akipate hasemi tena "pwani", anasema "mazingira ya pwani". Mwanzo wa Aprili, masika yashaanza kutupiga, kaja mbio mbio barazani.

"Shikamoo mjomba. Nna mgeni."

"Marahaba. Mgeni gani?"

"Mgeni wa ndege."

"Kashuka Chake saa ngapi?"

"La, kaja kwa boti."

"Sasa wa ndege vipi na kaja kwa boti?"

Tukazunguka hapo kama ng'ombe wa kinu, mpaka nikafahamu kwamba mtu mzima, mvi kichwani, kafunga safari kwa ajili ya vitu ambavyo mie navirushia mawe.

Akanieleza. Eti Pemba kuna ndege wanne ambao hawapo pengine popote. Si Unguja, si Tanga, si Ulaya. Kuna ninga wetu, yule wa kijani anayemaliza kuyu. Kuna chozi wa Pemba. Kuna kinengenenge, kile kidogo cha manjano chenye duara jeupe jichoni kama kimevaa miwani ya kusomea. Na kuna kihodi, bundi mdogo wa rangi ya kutu, hajafika hata shubiri kamili.

Nikasema sawa, lakini na mie sipatikani popote duniani isipokuwa Makangale, mbona hajaja mtu na darubini? Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Wewe hata Makangale hupatikani. Kila ukitafutwa uko kwenye bao."

Lililonichoma zaidi ni hadithi ya huyo kihodi. Kumbe vitabuni kaingia mwaka 1937, kaandikwa na Mwingereza mmoja akiitwa Pakenham. Nikauliza, kabla ya 1937 alikuwa wapi? Babu yangu alikuwa akigombana naye kila usiku juu ya mkarafuu wetu, na bibi akimtilia chumvi jikoni ili aondoke na nuksi zake. Hakuna aliyeandika. Ukimtupia jiwe hupati kitu, ukimtupia kalamu unakuwa mtaalamu.

Basi nikaulizwa kama mgeni anaweza kuja kwangu usiku, maana kihodi hupenda msitu na mashamba ya mikarafuu, na huyu wa kwangu, mpwa wangu anamjua kwa sauti. Nikasema aje. Nikauliza na malipo je? Akasema, "Mjomba, hii ni heshima kwa kijiji kizima." Nilipomwona anaanza na kijiji kizima nikajua hapa hamna kitu.

Lakini kabla ya usiku kulikuwa na mchana, na mchana nao una ndege wake. Alfajiri maji yamekupwa, tukaburuzwa pwani kwenye mikandaa, mie nimebeba mwavuli wa mgeni kama karani wa Sultani. Pwani yenyewe matope mpaka magotini. Mgeni kasimama, kaweka darubini ya miguu mitatu, kainama, kimya. Nikatazama anakotazama. Kitwitwi. Jamani, kitwitwi! Watoto wetu wanapita kati yao wakichokoa chaza, hakuna anayegeuka.

Ila hapo, nisiwe mwongo, niliambiwa jambo likanishangaza. Kitwitwi tunaowaona wa kijivu miezi yote hii, ikifika Machi na Aprili baadhi yao hubadilisha manyoya, kifua kinakuwa chekundu. Nguo za harusi hizo. Wanajaza mafuta mwilini kwa kaa na minyoo ya pwani yetu, halafu wanaruka kwenda Siberia, huko ndiko wanakooana na kutaga, maana kwao baridi inaisha na wadudu wanafumka. Sululu naye husafiri hivyo hivyo, yule mwenye mdomo uliopinda kama mundu. Sasa nyie tizameni hesabu hii. Chakula wamekula kwetu, nguo wamevaa kwetu, harusi wanapeleka Siberia. Hata sahani ya biriani hatukuletewa.

Na yupo mwingine, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo, kazi yake kula kaa. Huyu nilimpenda mwanzoni, maana mpwa wangu alisema kwao ni pande za Oman na Ghuba, hutaga yai moja ndani ya shimo analolichimba mchangani, halafu huja huku kwetu miezi ya kaskazi na kurudi kusi likikaribia. Nikasema huyu ndiye jamaa yetu hasa, anakuja na kurudi kwa majira yale yale ya majahazi. Nikamtazama vizuri. Tofauti ni kwamba majahazi yalileta tende. Huyu kaja mikono mitupu, kala kaa wetu miezi saba, na sasa anajinyoosha mbawa anarudi. Jamaa wa namna hiyo ninao wengi, na sikuhitaji darubini kuwaona.

Kisha nikapewa kazi ya kuhesabu. Mgeni ahesabu kulia, mie kushoto. Nafika arobaini na mbili, wanaruka wote, wanageuka hewani kama shuka linalokung'utwa, wanatua upande wa mgeni. Naanza upya. Nafika ishirini, wanarudi. Mara ya nne nikasema mia tatu, nikanyamaza. Yeye akaandika kitabuni mia mbili na themanini na saba. Akanitazama. Mie nikatazama bahari.

Mmoja alikuwa na pete mguuni, ina namba. Mgeni karuka kwa furaha, anasema kwa namba hiyo watajua ndege kavishwa wapi na mwaka gani. Nikasema alhamdulillahi, ndege ana namba. Mie kitambulisho changu kimekwisha muda tangu mwaka jana, kila nikenda naambiwa njoo kesho.

Tukarudi kwa bondeni, na hapo ndipo aliponiudhi. Kwenye mpunga kulikuwa na kweche, madume yashaanza kugeuka mekundu kama kawaida yao wakati wa mvua. Mgeni akashika kifua kwa raha. Akasema ndege huyu kwa Kiingereza ana jina la Zanzibar. Jina la nchi yetu! Kati ya viumbe vyote, jina la nchi kapewa mwizi wa mpunga. Nyinyi hamjui alivyonifanya. Mwaka juzi mpunga ulipoanza kutia maziwa, wakaja makundi kwa makundi, madebe hawasikii, sanamu nililolivisha kanzu yangu ya zamani wakalifanya kituo cha kupumzikia. Mke wangu akasema dawa yao ni utepe wa kaseti, ukiuvuta juu ya mpunga upepo ukipiga unalia na kumeta, wanaogopa. Kumbe kashazifumua kaseti zangu zote za taarabu, nilizokusanya tangu ujanani. Zote ziko bondeni. Kusi likivuma nasikia mvumo, nasema ule ulikuwa wimbo gani jamani? Kweche nao siku tatu za mwanzo waliogopa, ya nne wakazoea. Siku hizi wanakula mpunga wangu kwa muziki.

Chozi wa Pemba hakutusumbua, maana huyo yuko kwangu kila siku anapigana na kioo cha vespa. Dume linajiona kiooni, linadhani kaja dume jingine, basi tangu asubuhi ni ngumi. Nikakifunika kioo kwa soksi. Mgeni akaomba nikifunue apige picha. Nikamwambia mpwa wangu amtafsirie kwamba kwa mwaka mzima nimekuwa nikimpatanisha huyu ndege na nafsi yake. Sijui alitafsiri nini, mgeni alinipa mkono.

Popo wetu wakubwa, nao hawapo pengine ila Pemba, nikawataja kwa kujitutumua. Wale walikaribia kwisha kabisa kwa kuliwa mpaka vijiji vikajitolea kuwalinda, na leo Kidike mgeni hulipa kuingia kuwaona wananing'inia. Mpwa wangu akanikata mbele za watu: "Mjomba, popo si ndege." Najua si ndege! Lakini anaruka, na tiketi inakatwa.

Shemeji yangu wa Unguja nilipompigia simu kumsimulia, alicheka, akasema mgeni huyo nimpelekee akachukue kunguru wote bure. Wale waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mjini. Wakala vifaranga, mayai na ndege wengine. Taka ziko pale pale. Shemeji mwenyewe kaporwa andazi mkononi, na anaapa kunguru yule alimtazama kwanza kuona kama ni la moto.

Haya, usiku. Usiku wa kwanza tukakaa chini ya mkarafuu, mgeni, mpwa wangu na mie, mvua inanyesha, tochi zimezimwa. Kihodi kimya. Ndege ambaye miaka yote ananiamshia watoto, "hu" moja, kisha kimya mpaka usingizi ukuchukue, kisha "hu" nyingine, leo hana sauti. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mbu ndio walioonekana kwa wingi, na mgeni hakuwaandika.

Usiku wa tatu mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, mwite wewe. Wewe unaijua sauti yake." Nikakataa. Mtu mzima, imamu akikosekana naswalisha, nikae gizani nalia kama bundi? Lakini mgeni wa watu alikuwa kalowa mpaka darubini inatoa maji, na kesho yake boti. Nikaweka mikono mdomoni. "Hu." Kimya. "Hu." Kimya. Nikaona haya imeshatoka, nikazidisha, "hu, hu, hu, hu", kama dume lililokuja kutafuta ugomvi.

Akajibu jirani. Akafungua dirisha akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya juu, na mkewe akatupa chumvi nje, nyingine ikaniingia jichoni. Asubuhi kijiji kizima, kile kile cha heshima, kilikuwa kimejua kwamba juu ya mkarafuu wangu kumelia bundi mkubwa mwenye kikohozi. Mpaka leo watoto wa jirani hawapiti kwangu baada ya magharibi. Mke wangu hajasema neno. Ananitazama tu, kisha anakwenda kuchekea uani.

Mgeni akaondoka na ndege watatu kati ya wanne. Hakukasirika. Alinipa koti lake la mvua, ambalo halinitoshi, na akaandika jina langu katika kile kitabu chake. Sikuona kaliandika ukurasa gani, nachelea ni ule wa sauti zilizosikika.

Usiku ule ule, mvua imekatika, nyota zimetoka, nshajifunika shuka langu. Juu ya mkarafuu, karibu kabisa na dirisha: "Hu."

Nikanyamaza.

"Hu." Na upande wa pili, jike lake likaitika.

Nikainuka, nikafungua dirisha. Kakaa kwenye tawi la chini, wazi kabisa, mwezi unampiga, macho ya manjano kanikodolea. Nikamwambia:

"Hayupo. Kaondoka na boti ya asubuhi."