Gari la spoti la wazi au la paa la kudumu: uliza kwanza lilivyozaliwa

Ubishi kuhusu magari haya mawili huishia haraka kwenye ladha: mmoja anataka upepo na anga, mwingine anataka kona kali na ukimya. Ladha ina nafasi yake, ila kuna swali linalotangulia. Gari unalolitazama lilichorwa bila paa tangu siku ya kwanza, au ni gari la paa la kudumu ambalo kiwanda kilikuja kulikata baadaye? Jibu la hapo lina uzito kuliko chapa na nguvu za injini.

Paa la chuma hufunga bodi. Linaunganisha nguzo za kioo cha mbele na sehemu ya nyuma, na gari zima linakataa kusokotwa pale tairi moja inapopanda tuta na nyingine kubaki chini. Ukiliondoa, kazi hiyo yote inashuka kwenye sakafu, vizingiti vya milango na fremu ya kioo cha mbele. Bodi ikiwa laini hugeuka kuwa springi ya tano, tena isiyo na shokapu. Springi na shokapu hupimwa kwa kudhani kwamba zimefungwa kwenye kitu kisichopinda. Kikipinda, usukani unachelewa kidogo, dashibodi inatetema, kioo cha kutazamia nyuma kinatikisika na plastiki zinaanza kulia. Fundi anaweza kukaza springi, lakini kwenye bodi laini ukazaji huo huongeza mtetemo bila kuongeza mshiko.

Ndiyo maana magari yaliyozaliwa wazi yana tabia tofauti. Honda S2000 ya 1999 ilipewa mhimili mpana unaopita katikati ya sakafu ili ubebe kazi ya paa. Mazda MX-5 imekuwa gari la wazi tangu 1989, na wepesi wake umejengwa juu ya hali hiyo. McLaren walipotoa 12C Spider mwaka 2012 hawakuhitaji kuongeza vyuma vya kukaza bodi, kwa sababu beseni la nyuzi za kaboni ambalo abiria wanakaa ndani yake lilikuwa gumu tayari bila msaada wa paa. Uzito ulioongezeka, takriban kilo 40, ulikuwa wa paa lenyewe na mitambo yake.

Hoja hii isivutwe kupita kiasi, hata hivyo. Porsche Boxster ilizaliwa wazi mwaka 1996, na Cayman, ndugu yake wa paa la kudumu, ilipofuata mwaka 2005 ilikuwa na bodi ngumu zaidi kwa mbali. Paa lina faida daima. Kinachobadilika ni ukubwa wa unachokosa ukiwa huna.

Kwenye Porsche 911 ya kizazi cha 992 tofauti ya uzito kati ya Carrera ya paa la kudumu na ya wazi ni kilo 70 hivi. Kwa mwendo wa kawaida huwezi kuzihisi kilo hizo. Kwenye uwanja wa mbio utazihisi, hasa kwenye breki na tairi baada ya mizunguko kadhaa, ingawa si zote zinaumiza kwa kiwango kimoja. Zilizo kwenye vizingiti ziko chini na hazivurugi sana mizani. Mota, pampu na vyuma vya kukunja vilivyo nyuma ya viti ndivyo vinavyosukuma uzito kwenye mhimili wa nyuma, na kwa 911, ambayo injini yake tayari iko nyuma, hilo si jambo dogo.

Ukichagua la wazi, bado kuna uamuzi kati ya paa la turubai na paa gumu la kukunjika. Mimi nasimama na turubai. Ni jepesi, linakunjwa likawa dogo na lina viungo vichache vya kuharibika. BMW waliipa Z4 ya 2009 paa gumu la kukunjika, kisha kizazi kilichozinduliwa 2018 kikarudi kwenye turubai linalofunguka kwa sekunde 10 hata gari likitembea hadi kilomita 50 kwa saa, bila kula nafasi ya buti. Msingi wa Z4 hiyo hiyo ndio uliobeba Toyota GR Supra, iliyouzwa kwa paa la kudumu tu. Anayetaka kuelewa mjadala huu kwa mikono yake ayaendeshe hayo mawili siku moja, barabara moja.

Paa gumu la kukunjika lina utetezi wake: kelele ni kidogo, na mwizi hawezi kulichana kwa kisu. Linapogoma, mara nyingi mtambo wenyewe ni mzima. Betri dhaifu inatosha kulisimamisha nusu njia. Kizuizi cha mizigo ndani ya buti kisiposhushwa hadi mwisho, swichi ndogo inaliambia gari kwamba kuna begi njiani na paa halisogei. Kagua viwili hivyo kabla ya kumruhusu mtu kufungua pampu ya haidroliki.

Adui mkubwa wa gari la wazi ni maji, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa gari lililotumika huumia. Maji ya mvua hayazuiwi na paa peke yake. Yanakusanywa na raba na mifereji, kisha yanatolewa chini ya gari kwa mirija. Majani na vumbi vikiziba mirija, maji yanarudi ndani. Kwenye MX-5 za zamani huishia kwenye vizingiti na kuvioza kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang’aa. Kwenye Boxster za kwanza hufika kwenye kisanduku cha umeme kilicho chini ya kiti, na gari linakataa kuwaka. Mimina nusu lita ya maji taratibu kwenye mdomo wa kila mrija: yatoke chini papo hapo. Kisha ingiza vidole chini ya zulia nyuma ya viti na ubonyeze sponji, maana zulia hukauka juu huku sponji likiwa limelowa wiki nzima.

Endelea kwa kufungua na kufunga paa mara mbili mfululizo, injini ikiwaka. Tafuta mafuta ya haidroliki kwenye pembe za kitambaa cha ndani ya paa. Inua kona moja ya nyuma kwa jeki, kwenye sehemu iliyowekwa na kiwanda, ufungue mlango na kuufunga. Ukikwaruza, au pengo lake likibadilika wazi, bodi imechoka, imeliwa na kutu, au iligongwa na kunyooshwa. Turubai halikunjwi likiwa limelowa, halioshwi kwa mashine ya presha, na raba zake hupakwa silikoni, kwa kuwa grisi ya mafuta ya petroli huzivimbisha.

Kuhusu usalama, hofu ni kubwa kuliko ushahidi. IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, ilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa magari ya wazi na ndugu zao wa paa la kudumu, na haikukuta kwamba ya wazi yanaua zaidi. Inawezekana wenye magari hayo huyaendesha kwa namna tofauti, kwa hiyo nisingeuchukua kama cheti. Mkanda unabaki wa lazima. Magari mengi yana vyuma vya kinga vinavyochomoza nyuma ya viti, kama Mercedes-Benz SL ilivyoanza kufanya mwaka 1989, na mara nyingi huamriwa na mfumo wa eabegi, hivyo taa ya eabegi inayowaka kwenye dashibodi ya gari la wazi ichukuliwe kwa uzito. Viwanja vingi vya mbio vina masharti zaidi: mpini wa ufagio hulazwa kutoka juu ya kioo cha mbele hadi kwenye chuma cha nyuma, na kofia ya dereva isiuguse. Mtu mrefu hukwama hapo, akarudishwa nyumbani kabla ya mzunguko wa kwanza.

Kwa hiyo, mwenye nia ya kwenda uwanjani mara kwa mara achukue la paa la kudumu bila kusita. Asiye na mpango huo, na anayetazama gari lililozaliwa wazi, sioni sababu ya kumkataza anga. Ugumu uko kwa magari yaliyokatwa. Hayo yajaribu paa likiwa chini, kilomita 50 kwa saa, kwenye lami iliyochakaa, macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Gari lililo nyuma yako likionekana wazi, bodi inatosha. Likionekana kama limechorwa mara mbili, tafuta jingine.